Foleni ya Tunduma na hesabu ya dereva

Mpaka unaopita katikati ya mji wetu ulichorwa na watu ambao hawakuwa na haja ya kuuvuka. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliwagawa Wanyamwanga, wengine wakabaki huku, Tanzania ya leo, na wengine upande ambao leo ni Nakonde, Zambia. Tangu hapo riziki ya Tunduma imetokana na kuvusha: watu, mahindi, mafuta, shaba, fedha. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya hapa mjini, na kati ya mambo yote niliyosoma chuoni, nadharia ya michezo ndiyo iliyonieleza mji wangu. Nataka kuisimulia historia ya foleni yetu kwa jicho hilo, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba foleni ya malori inatokana na ushenzi wa madereva.

Nadharia yenyewe haina umri mkubwa. John von Neumann na Oskar Morgenstern walitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1944. Mwaka 1950 Albert Tucker akatunga kisa cha wafungwa wawili wanaohojiwa kila mmoja chumba chake: kila mmoja akipiga hesabu ya faida yake peke yake, anamsaliti mwenzake, na wote wawili wanapata kifungo kirefu kuliko ambacho wangepata kama wangenyamaza. Miaka hiyohiyo kijana John Nash alithibitisha kwamba mchezo wenye wachezaji na chaguo zenye kikomo huwa na angalau hali moja ambayo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadili uamuzi wake peke yake, mradi waruhusiwe pia kuchagua kwa kubahatisha. Nash hakusema kwamba hali hiyo ni nzuri. Inaweza kuwa mbaya kwa kila mtu, na bado asiwepo wa kuanza kutoka.

Malori yalianza kuwa maisha ya Tunduma baada ya tarehe 11 Novemba 1965, siku Waziri Mkuu Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia ilikuwa ikipitisha shaba yake na kupokea mafuta yake kwa reli ya kusini iliyopita Rhodesia. Njia hiyo ilipoingia mashakani, mzigo ukageukia kaskazini, kwenye barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, iliyobandikwa jina la barabara ya jehanamu. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania yenye ubia wa Waitaliano, na Fiat zikajaa njiani. Baba yangu alianzia huko akiwa utingo, akalala chini ya tela miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa usukani. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975.

Hapo pana mchezo mkubwa kuliko wa madereva. Kuibana serikali ya Wazungu wachache ya Rhodesia kulikuwa faida ya nchi zote huru za ukanda huu, lakini gharama haikugawanywa sawa. Smith alifunga mpaka wake na Zambia Januari 1973. Alipotaka kuufungua tena, Rais Kaunda wa Zambia akakataa, na mzigo wote wa nchi yake ukabaki kutegemea njia nyingine, ya kwetu ikiwemo. Bandari ya Dar es Salaam ilielemewa, injini za TAZARA zikapungua, na mwaka 1978 mbolea ya wakulima wa Zambia ilikwama bandarini huku mvua za Novemba zikikaribia. Oktoba mwaka huo Kaunda akaifungua tena njia ya kusini. Wapo waliomwita msaliti, na nilipokuwa mdogo nilisikia wazee wakibishana juu yake kwa ukali vijiweni. Kwa maoni yangu Kaunda alibeba kwa miaka mitano na ushee gharama ya jambo lililowanufaisha wengi, na mgao wa namna hiyo hauwezi kudumu kwa imani peke yake, hata mbebaji akiwa na moyo wa chuma.

Uhasama wa kusini ulipokwisha, malori hayakupungua. Reli ilidhoofika, shaba ya Kongo ikaanza kushuka kwa barabara kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, na mafuta na bidhaa za Dar es Salaam zikapanda kuelekea hukohuko. Foleni ya kutokea mpakani ikawa inarudi nyuma hadi Chapwa, ikafika Mpemba kwenye mizani.

Tazama basi dereva mmoja ndani ya foleni ile. Ana chaguo mbili: atulie kwenye mstari wake, au atanue, yaani atoke pembeni, apite kando ya wenzake na kuchomekea mbele. Wengine wakitulia, yeye akitanua anaokoa saa nyingi. Wengine wakitanua, yeye akitulia anabaki nyuma ya kila mtu. Kwa hiyo, wenzake wafanye watakavyo, yeye inamlipa kutanua. Na dereva wa nyuma yake anapiga hesabu ileile. Wakishatanua wote, barabara inajaa upana wake wote, malori yanayotoka Zambia yanakosa pa kupita, eneo la ukaguzi halipungui kwa kuwa aliyemaliza hawezi kuondoka, na anayengoja kuingia hawezi kuingia kwa kuwa aliyemaliza hajaondoka. Sasa hakuna anayesogea. Baba, ambaye hakuwahi kusikia jina la Nash, alinieleza jambo hili kwa vifuniko vya soda juu ya meza, akaniambia tatizo ni kwamba kila aliyetanua alikuwa na akili timamu.

Mtandao wa kompyuta nao uliwahi kunaswa na mtego huohuo. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, majengo yaliyotengana kwa mita mia nne hivi, kasi ya mawasiliano ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kila kompyuta iliyokosa jibu ilirudia kutuma ujumbe wake, na marudio hayo yakaziba njia zaidi. Van Jacobson na Michael Karels wakaandika upya kanuni ya kutuma: ukiona dalili ya msongamano, punguza mara moja kwa kiasi kikubwa, kisha ongeza kidogokidogo. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1988, na mawazo yake yamo ndani ya intaneti hadi leo. Lakini kuna jambo linalonishughulisha. Mwenye kompyuta angeweza kubadili programu yake, aache kupunguza, ajipatie njia kubwa kuliko wenzake. Huko pia kuna kutanua. Kilichowalinda watumiaji wa mtandao ni kwamba kanuni ilikuja imeshafungwa ndani ya mashine, na watu wengi hawakuwa na sababu ya kuigusa. Dereva wa Tunduma usukani anao mkononi.

Wataalamu waliendelea kupima hasara. Elias Koutsoupias na Christos Papadimitriou walionyesha mwaka 1999 namna ya kulinganisha hali ambayo kila mtu anajiamulia na hali bora iwezekanayo. Tim Roughgarden na Éva Tardos wakathibitisha baadaye kwamba ikiwa ucheleweshaji unaongezeka sawia na wingi wa magari, ubinafsi wa njiani hauzidishi ucheleweshaji wa jumla kupita theluthi moja ya ule wa hali bora. Wanafunzi wangu hufurahi wakisikia hivyo. Nawatuliza haraka, kwa sababu sharti lile halipo kwetu. Karibu na geti ucheleweshaji haupandi sawia, unaruka, na pale hesabu ya theluthi haimlindi mtu.

Mji huuhuu una watu waliofanikiwa kuaminiana bila askari kuwasimamia, nao ni wabadilisha fedha wa mtaani. Nimekua nikiwatazama na vitita vyao vya shilingi na kwacha. Abiria wa basi anayepita mara moja anaweza kupunjwa, lakini mama wa Nakonde anayekuja kila wiki kununua mchele hapunjwi, na mara nyingine anakopeshwa. Robert Axelrod alieleza sababu yake katika kitabu chake cha mwaka 1984: mchezo unapojirudia, na wachezaji wakajua watakutana tena, ushirikiano unaweza kuota hata kati ya watu wasiopendana. Kwenye mashindano ya kompyuta aliyoyaandaa, programu iliyoshinda ilikuwa fupi sana, ya Anatol Rapoport, iliyoanza kwa wema kisha ikamrudishia mwenzake alichotenda mara iliyopita. Dereva wa masafa marefu hana nafasi hiyo. Aliyechomekewa leo hatamwona tena aliyemchomekea.

Kwa hiyo mageuzi yaliyosaidia yaligusa kanuni. Zamani lori lilikaguliwa upande wa Tunduma, likavuka, likapanga foleni tena Nakonde na kukaguliwa upya, kwa sababu kila serikali iliona salama kutegemea macho yake. Zambia na Zimbabwe zilikuwa zimeonyesha njia ya ukaguzi wa pamoja pale Chirundu, mpakani kwao, mwaka 2009, na tarehe 5 Oktoba 2019 Marais Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia walizindua kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde. Anayetoka Tanzania anakamilisha ya nchi zote mbili akiwa Nakonde. Anayeingia anayakamilisha Tunduma. Maofisa wa nchi mbili wanakutana kila siku, na wao sasa wamo kwenye mchezo unaojirudia. Miezi michache baadaye, Mei 2020, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona, na malori yakalala barabarani. Foleni ndefu zimerudi pia nyakati nyingine, kwa kuwa njia ikiwa nyepesi huvuta mzigo zaidi, na Kasumbalesa ikiziba, kuziba kwake kunafika hadi kwetu.

Ninachoomba kwa wanaopanga mji huu ni vitu viwili. Kwanza, lori lipewe namba Mpemba, likae uwanjani, liitwe kwa namba hiyo na lipite geti kwa namba hiyo tu. Atakayetanua afike mbele na kukuta hakuna anachopata. Pili, njia ya malori yanayotoka Zambia itengwe kwa ukuta wa zege, kwa kuwa mstari wa rangi kila dereva ameshaupigia hesabu.