Laptopu ya zamani, Linux mpya: jinsi ya kufanya Wi-Fi, sauti na skrini zifanye kazi

Je, umepewa au umenunua laptopu iliyotumika, na umeshauriwa kuiwekea Linux? Makala haya ni kwa wakazi wa makazi ya Mantapala na kwa majirani wetu wa Nchelenge, Kashikishi na vijiji vya kando ya Ziwa Mweru. Yanaeleza cha kufanya ili vifaa vya ndani ya laptopu vifanye kazi baada ya mfumo mpya kuingia, hata kama intaneti uliyo nayo ni ya simu tu. Tafadhali soma yote kwanza, kisha urudi hatua ya kwanza.

Kwa nini watu wengi wanaweka Linux?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo laptopu nyingi za kabla ya 2018 hazina. Kwa hiyo mashine nyingi ambazo bado ni nzima zinatolewa kama msaada au kuuzwa kwa bei nafuu.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Ni ya bure, na sheria yake inakuruhusu kuinakili na kumpa mwenzako. Flashi moja iliyoandaliwa vizuri inaweza kuhudumia laptopu za mtaa mzima, bila kila mtu kununua bando la kupakua upya.

Jambo la kwanza: usifute kabla ya kujaribu

Kijana mmoja alituletea laptopu akisema imekufa. Alikuwa amefuta Windows na kuweka Linux, kisha Wi-Fi haikuonekana. Alikuwa tayari kuiuza kwa bei ya vipuri. Tulipoikagua, tulikuta swichi ndogo ya Wi-Fi ubavuni mwa laptopu imezimwa. Kuiwasha hakukuchukua hata dakika moja. Lakini picha ya Diplôme d'État yake, aliyoipata Kongo kabla ya kukimbia, ilikuwa kwenye diski ile tu. Wi-Fi ilirudi. Picha ya diploma haikurudi.

Kwa hiyo, kabla ya yote:

1. Nakili nyaraka zako kwenye flashi nyingine au kadi ya kumbukumbu: vyeti vya shule, vyeti vya kuzaliwa, picha za kadi ya mkimbizi, picha za familia. Fungua nakala hizo kwenye kifaa kingine uhakikishe zinasomeka.
2. Kama Windows inakuomba ufunguo wa BitLocker, utafute na uuandike kwenye karatasi kabla ya kubadili mpangilio wowote.
3. Jaribu Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kuisakinisha.

Kuandaa flashi

Kwa anayeanza, Linux Mint ni chaguo zuri. Inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, lakini GB 4 ndiyo inayofaa. Kama laptopu ni ya zamani, chukua toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Faili lake lina ukubwa wa karibu GB 3, kwa hiyo lipakue mahali penye Wi-Fi au uombe nakala kwa mwenzako. Tumia flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa yote.

Kunakili faili hilo kwenye flashi kama unavyonakili wimbo hakutoshi. Tumia programu ya Rufus kwenye Windows, au balenaEtcher. Asiye na kompyuta anaweza kutumia EtchDroid kwenye simu ya Android, pamoja na kebo ya OTG.

Kisha zima laptopu, chomeka flashi, iwashe na ubonyeze haraka kitufe cha kuchagua pa kuanzia:

- Lenovo, Dell na Toshiba: F12
- HP: Esc, kisha F9
- Asus: Esc
- Acer: F12, isipojibu, ingia BIOS kwa F2 uiruhusu kwanza
- MacBook zenye prosesa ya Intel: shikilia Option

Kama skrini inabaki nyeusi, usiogope. Anza tena, na kwenye orodha ya mwanzo chagua "compatibility mode".

Ukiingia, jaribu kila kitu: Wi-Fi, sauti, kamera, kibodi, padi ya kugusa, mwanga wa skrini. Andika kinachofanya kazi na kisichofanya. Kikifanya kazi hapa, karibu kila mara kitafanya kazi baada ya kusakinisha. Kisipofanya, Windows yako bado ipo na hujapoteza kitu.

Kibodi ya Kifaransa

Laptopu nyingi zinazotoka Kongo, Ubelgiji au Ufaransa zina kibodi ya AZERTY. Wakati wa kusakinisha, chagua kibodi ya Kifaransa au ya Kibelgiji. Ukiacha ya Kiingereza, ukibonyeza A itatoka Q, na ukibonyeza Z itatoka W. Utaweka nenosiri ambalo wewe mwenyewe hulijui, na utadhani laptopu imeharibika.

Draiva na faimwea ni nini?

Kila kifaa kinahitaji draiva, yaani programu inayofanya kazi ya mkalimani kati ya mfumo na kifaa. Draiva nyingi tayari zimo ndani ya Linux. Lakini vifaa vingine, hasa vya Wi-Fi, vinahitaji pia faimwea: programu ndogo ambayo kifaa chenyewe hulishwa kila kinapowashwa. Faimwea hutolewa na kampuni iliyotengeneza chipu, na si kila toleo la Linux huja nayo. Debian, kwa mfano, ilianza kuiweka kwenye flashi yake rasmi ya kusakinishia katika toleo la 12, Juni 2023. Ukiwa na Debian ya zamani zaidi, Wi-Fi kutoonekana ni jambo la kawaida.

Maana yake ni kwamba kifaa kisichoonekana mara nyingi si kibovu. Kimefungwa, au kinakosa faili moja.

Wi-Fi haionekani

Fuata mpangilio huu.

Kwanza, angalia swichi ubavuni au mbele ya laptopu, na kitufe cha kibodi chenye alama ya mnara au ndege (mara nyingi hubonyezwa pamoja na Fn).

Pili, fungua terminali uandike:

rfkill list

Ukiona "Soft blocked: yes", Wi-Fi imefungwa na programu. Ifungue hivi:

sudo rfkill unblock all

Ukiona "Hard blocked: yes", imefungwa na swichi, kitufe au BIOS. Hakuna amri itakayoifungua. Rudi kwenye swichi.

Tatu, ujue chipu yako ni ipi:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye neno "Network controller". Chini yake pakiwa na "Kernel driver in use", draiva ipo. Pasipokuwa nao, draiva haipo. Kama Wi-Fi yako ni kifaa cha kuchomeka, tumia lsusb. Piga picha ya skrini hiyo kwa simu yako: ndiyo inayomwezesha mtu mwingine kukusaidia.

Nne, uliza kama faimwea inakosekana:

sudo dmesg | grep -i firmware

Maneno "failed to load" yakitokea, jina la faili linaloandikwa hapo ndilo linalokosekana.

Chipu za Intel kwa kawaida hazisumbui. Za Broadcom, zilizomo kwenye MacBook nyingi na baadhi ya Dell na HP za zamani, mara nyingi huhitaji draiva ya ziada. Katika Linux Mint, acha flashi yako ya kusakinishia ikiwa imechomekwa, fungua "Driver Manager", na uchague draiva inayopendekezwa. Katika Ubuntu sehemu hiyo huitwa "Additional Drivers".

Intaneti bila Wi-Fi: tumia kebo ya simu

Tatizo kubwa ni hili: ili upate faili la Wi-Fi unahitaji intaneti, na intaneti yako ingepitia Wi-Fi hiyo hiyo. Suluhisho ni simu ya Android na kebo yake ya kuchajia, mradi kebo iwe inapitisha data.

1. Unganisha simu na laptopu kwa kebo.
2. Kwenye simu, fungua mipangilio ya hotspoti na uwashe "USB tethering".
3. Subiri kidogo. Linux itaiona simu kama waya wa mtandao, bila kuhitaji draiva yoyote.

Njia hii hutumia bando la simu yako, liwe la MTN, Airtel au Zamtel. Kama simu imeunganishwa na Wi-Fi ya kituo, itapitisha hiyo badala ya bando.

Kumbuka: mara tu Linux inapopata intaneti, inaweza kuanza kutafuta masasisho makubwa na kumaliza bando lako. Pakua draiva unayohitaji tu, kisha chomoa kebo. Masasisho mengine yasubiri mpaka upate Wi-Fi.

Secure Boot

Baadhi ya draiva za ziada hazikubaliwi kama Secure Boot imewashwa. Wakati wa kuisakinisha draiva utaombwa kutunga nenosiri. Liandike. Laptopu ikiwaka upya utaona skrini ya buluu: chagua "Enroll MOK", endelea, uandike nenosiri lile lile. Watu wengi huipita skrini hii bila kuisoma, kisha wanashangaa kwa nini draiva haifanyi kazi. Ikikupita, sakinisha draiva tena.

Skrini nyeusi baada ya kusakinisha

Hii hutokea zaidi kwenye laptopu zenye kadi ya picha ya NVIDIA. Washa laptopu, na orodha ya GRUB ikitokea bonyeza herufi e. (Isipotokea, bonyeza Esc au ushikilie Shift wakati wa kuwaka.) Tafuta mstari unaoanza na "linux", nenda mwisho wake, acha nafasi, andika:

nomodeset

Bonyeza F10. Mabadiliko haya ni ya safari moja tu. Ukishaingia, fungua "Driver Manager" uweke draiva ya kudumu.

Sauti haitoki

Mara nyingi Linux inapeleka sauti kwenye HDMI, kana kwamba kuna televisheni. Fungua mipangilio ya sauti uchague spika za laptopu. Bado kimya? Andika alsamixer kwenye terminali. Mahali palipoandikwa MM pamefungwa. Bonyeza herufi m kupafungua. Kwa laptopu mpya kiasi zenye Intel, huenda ukahitaji kifurushi kiitwacho firmware-sof-signed.

Diski haionekani wakati wa kusakinisha

Ingia BIOS utafute mpangilio wa SATA. Ukiwa kwenye RAID au RST, uweke AHCI. Tahadhari: Windows iliyomo inaweza kukataa kuwaka baada ya badiliko hili. Fanya hivyo tu kama nyaraka zako zimeshahifadhiwa.

Betri na umeme wa jua

Kwenye terminali andika:

upower -d

Mstari wa "capacity" unaonyesha afya ya betri. Asilimia 50 maana yake inabeba nusu ya chaji iliyobeba ikiwa mpya. Huo ni uchakavu, na Linux haiwezi kuurekebisha.

Laptopu nyingi hutaka volti 19 au 20. Usiiunganishe moja kwa moja na betri ya sola ya volti 12 kwa waya wa kubahatisha. Tumia chaja yake kupitia inveta, au adapta inayolingana na volti zilizoandikwa chini ya laptopu. Usianze kusakinisha jua linapozama na betri ikiwa karibu kuisha: umeme ukikatika katikati ya kazi, utalazimika kuanza upya.

Kabla ya kumpa fundi

- Ondoa nyaraka zako binafsi, hasa picha za kadi ya mkimbizi na karatasi za usajili. Usimpe mtu nenosiri la barua pepe yako.
- Mwonyeshe picha ya lspci na ya rfkill. Fundi anayejua kazi ataanza kwa kuzisoma.
- Usikubali kuambiwa "kadi imekufa" kabla ya swichi, rfkill na faimwea kuangaliwa.
- Usiuze laptopu kwa sababu ya Wi-Fi peke yake. Kuna vifaa vidogo vya Wi-Fi vya kuchomeka kwenye USB, lakini kabla ya kununua kimoja, kijaribu kwenye laptopu yako ukitumia flashi ya Linux.

Ukifanikiwa, andika kwenye karatasi aina ya laptopu, jina la chipu na kilichosaidia, kisha uiweke karatasi hiyo pamoja na flashi. Mtu atakayeazima flashi baada yako huenda ana laptopu kama yako.