Wota Polo kwa Watoi: Vile Unaweza Kumuanzisha Mtoi Wako Bila Kumtisha na Maji

Wota polo ni ile gemu unaonanga Olimpiki ikifika, wasee wenye kofia za kufunika masikio wakirushiana mpira ndani ya maji na kuvutana kama watu wanang'ang'ania mathree ya mwisho ya Rongai. Kila timu ina watu saba majini, mmoja wao kipa. Mechi ni kota nne, dakika nane kila moja. Mchezaji wa kawaida anashika mpira na mkono mmoja na haruhusiwi kukanyaga chini. Wanaume wameicheza Olimpiki tangu 1900 pale Paris, madem wakangoja mpaka Sydney 2000. Miaka mia moja, imagine tu.

Sasa wazazi wengi wakiona hiyo ya Olimpiki wanadhani mtoi pia huanzia hapo, kwa maji ya kumfunika kichwa. Zii. Watoi wako na gemu yao. Australia na New Zealand wanaiita Flippa Ball, Marekani wanaiita Splashball. Hapo mpira ni mdogo, maji si ya kina, na mtoi akitaka kukanyaga chini anakanyaga.

Hiyo ya kukanyaga chini ndio muhimu kuliko zote. Mtoi akijua anaweza kusimama saa yoyote, hashtuki. Akili yake yote inaenda kwa mpira. Anaukimbilia, maji yanamuingia machoni, anapangusa, anaendelea. Kabla ujue, ameshazoea kuweka uso ndani ya maji, kitu ambacho kocha angembembeleza nacho wiki mbili. Zile lesoni za kushika ukuta ukipiga mateke zina kazi yake, lakini zinaboesha, na mtoi wa miaka sita akiboeka tumbo inaanza kumuuma kila Jumamosi asubuhi.

Na ile tabia ya anko kumtupa mtoi kwa maji ya kina eti ndio ajifunze, tafadhali iishe. Wengi waliotupwa hivyo ni watu wazima saa hii na bado wanakaa kando ya bwawa wakichungia wenzao simu.

Anzia nchi kavu. Kama mtoi wako hucheza kati kwa ploti, nusu ya kazi imeisha, juu tayari anajua kurusha na kudaka. (Sisi tulicheza na mpira wa majuala, kabla zipigwe marufuku 2017.) Mfundishe kurusha kiwiko kikiwa juu, na kudaka mkono ukiwa umelegea, unarudi nyuma kidogo pamoja na mpira. Mpira namba 5 ni wa wanaume na namba 4 wa wanawake, so mtoi anahitaji mdogo kuliko hiyo. Ukikosa, tumia mpira mwepesi wa plastiki wenye unatosha kiganja chake. Mwanzoni acha adake na mikono mbili, hakuna refa hapo.

Halafu kuna teke, na hii ndio ngumu. Mchezaji wa wota polo hukaa ndani ya maji kama ameketi kwa kiti, magoti yamekunjwa, kila mguu ukizunguka upande wake kwa zamu, kama miiko miwili ikikoroga sufuria mbili. Mwanzishe akiwa ameketi ukingoni mwa bwawa, miguu ndani, azungushe polepole. Usimharakishe, hii inaweza kuchukua miezi. Lakini akiishika, anaweza kuweka kichwa juu ya maji bila kutumia mikono, na hiyo itamsaidia hata kama hatawahi kucheza mechi.

Lakini usijidanganye eti sasa amekuwa samaki. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoi wa chini ya miaka mitano. Kuzama hakuna makelele kama kwa muvi, mara nyingi mtoi anaenda chini kimya kimya. So lazima kuwe na mtu mzima mmoja mwenye kazi yake ni kuangalia tu, akiwa karibu kiasi cha kumshika mkono, simu ikiwa kwa begi. Yale maboya ya kuvaa mikononi si kitu ya kuokoa maisha, ni ya kuchezea.

Shida yetu Kenya ni bwawa lenyewe. Mengi ni ya mahoteli, maklabu na shule za kibinafsi, na unalipia. Kama mko wazazi wanne watano hapo kwa mtaa, ongeeni na meneja mapema, mwombe kona ya maji mafupi siku ya katikati ya wiki watu wakiwa wachache. Watoi sita, mpira mmoja, na ndoo mbili za kulenga pale ukingoni zinatosha kabisa.

Jambo la mwisho, mkate kucha kabla aingie, juu kwa mechi za ukweli refa hukagua. Pia hataki kuona mafuta mwilini, kwa hivyo mtoi aliyepakwa Arimis mpaka anang'aa hachezi. Mpake akitoka.