Bundi wa Sokoke na Watu Waliomfuata

Aprili 1909 Theodore Roosevelt alishuka Mombasa. Alikuwa ametoka madarakani Marekani mwezi mmoja tu nyuma. Alikuja na mwanawe, bunduki, na kazi rasmi ya kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Safari ilipoisha walikuwa na vielelezo zaidi ya 11,000, kuanzia ndovu hadi panya. Siku hizo ndivyo elimu ya viumbe ilivyokwenda: ukitaka kumjua ndege, unampiga risasi, unamchuna, unamjaza pamba, unamfungia lebo mguuni.

Ila siku zile zile kulikuwa na mtu mwingine, Mwingereza Cherry Kearton, aliyekuja kivyake na kamera ya filamu. Yeye na kakake Richard walikuwa wamejipatia jina kwao kwa jambo lililoonekana kama wazimu. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai, na kutoka hapo wakaanza kutafuta njia za kumsogelea ndege bila yeye kushtuka. Mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe wa bandia, ngozi halisi juu na tumbo tupu ndani, mpiga picha akajikunja humo na lenzi ikachungulia nje. Cheka, lakini fikiria walichogundua: ndege hamwogopi ng'ombe. Anayemwogopa ni sisi.

Sasa tuje huku kwetu, Barani. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita za mraba 420, uko kati ya Kilifi na Malindi, na ukipita na matatu kwenye barabara kuu unaweza kudhani ni vichaka tu. Ndani yake, upande wa udongo mwekundu, kuna bundi mdogo ajabu, uzito wake gramu 50 hivi. Kwa wenye msitu hakuwa mgeni. Sauti yake ilisikika usiku miaka yote, na bundi pwani hajawahi kuwa ndege wa kufurahiwa. Akilia juu ya paa, watu huuliza nani anaumwa. Kwa vitabu vya kizungu, lakini, "alizaliwa" 1966, pale S. Dillon Ripley alipomwandika kwa jina la Otus ireneae. Na Ripley alikuwa nani? Mkuu wa Smithsonian, taasisi ile ile ya Roosevelt. Karibu miaka 60 ilikuwa imepita, na ndege mpya bado alithibitishwa kwa mwili wake.

Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani. Tangu hapo mgeni anayetaka kwenda kwao na kitu cha kuonyesha anabeba kamera. Tunapenda kulisimulia hili kama hadithi yenye mwisho mwema, bunduki imewekwa chini, kila mtu ameshinda. Mimi nina wasiwasi nayo. Kamera haiui, sawa. Lakini mwindaji wa zamani alimfuata ndege mara moja. Mwenye kamera anarudi kesho, na kesho kutwa anakuja mwenzake.

Mchana bundi wa Sokoke hulala kwenye matawi yaliyosongamana, mara nyingi wawili bega kwa bega, rangi yao imefanana na majani makavu kiasi kwamba utasimama mita chache kutoka kwao na usiwaone. Kinachowalinda ni kutulia. Bundi wa jamii hii akijinyoosha akawa mwembamba kama kijiti, macho nusu yamefumba, ujue haposi: ameshaogopa, anajifanya tawi. Hatua moja zaidi anaruka, mchana kweupe, na mchana ndio wakati wa mwewe na wa ndege wadogo wanaomzonga kwa makelele. Flashi nayo tusiizungumze sana. Macho yale yameumbwa kwa giza.

Halafu kuna ujanja wa simu. Unacheza sauti yake iliyorekodiwa, naye anakuja, kwa sababu anadhani jirani amevamia mtaa wake. Picha utaipata, tena kali. Yeye ametumia usiku wake kumtafuta adui asiyekuwepo badala ya kula. Mara moja huenda si neno. Lakini msitu wenyewe una njia chache, na bundi wanaofikika kwa miguu ni wale wale, msimu baada ya msimu. Munir Virani, mtafiti Mkenya ambaye pia ni mpiga picha, alianza kuwasoma bundi hawa miaka ya 1990, na matokeo aliyochapisha na wenzake mwaka 2010 yalionyesha idadi imeshuka tangu 1993. Sikusudii kuwabebesha wapiga picha lawama hiyo. Ukataji wa miti unatosha kuibeba. Nasema tu kwamba ndege aliyebanwa hivyo hana akiba ya kupoteza.

Kwa hiyo mtu muhimu kwenye picha ya bundi haonekani kwenye picha: ni mwelekezi, kijana au mzee wa Gede na vijiji vya karibu, ambaye jana usiku alisikiliza na leo asubuhi anajua tawi. Mgeni anasema, "Nisogee kidogo tu, bro." Bahashishi iko mfukoni mwa mgeni. Mwelekezi akisema hapana, anajikata mwenyewe. Huo ndio uamuzi wenyewe, na hakuna kitabu cha historia ya picha kinachouandika.

Hapo Mida mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu bahari inakufanyia kazi. Kuna njia ya mbao katikati ya mikoko, na kibanda cha kujificha, ng'ombe wa akina Kearton aliyegeuka mbao. Unaingia maji yangali yamekupwa, unakaa kimya. Maji yakijaa, ndege wa ufukweni wanasukumwa polepole wakuelekee. Wamo walao kaa, weupe na weusi, wanaozaliana kwenye mashimo ya mchanga huko Ghuba na Oman, wakafuata njia ambayo majahazi yetu yanaijua vizuri. Ukiwakimbilia wakaruka, wanachoma mafuta ya safari. Ada inayolipwa pale huenda kwenye karo za wanafunzi wa sekondari kupitia mpango wa A Rocha Kenya.

Na kuna yule kwera wa Clarke, ndege mweusi na manjano wa miti ya mirihi. Alipewa jina 1913. Kiota chake hakikujulikana hadi 2013, wanakijiji wa Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi, walipolikuta kundi likijenga kwenye kinamasi cha mvua. Miaka 100! Na Dakatcha haina ulinzi kama wa Arabuko-Sokoke. Kunguru wa mitaani, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wale taka, hufuata watu na hula mayai. Ukisukuma majani upate mwanga mzuri, umewafungulia mlango. Ukiweka picha mtandaoni na simu ikiwa imehifadhi mahali ulipoipigia, umewaita na wengine. Kwa hiyo kabla hujaenda, zima kwanza hiyo lokesheni.