Watoto na Baiskeli, Zamani na Sasa

Zamani baiskeli ilikuwa mali ya nyumba nzima. Baba aliiendea kazini, nayo ilichukua mahindi sokoni na wagonjwa hospitalini. Mtoto alijifunza kwa hiyo hiyo: hakukifikia kiti, basi alipenyeza mguu chini ya chuma cha juu, akaenda upande upande, akaanguka na kuinuka. Wengi wenu mngali na makovu magotini. Huko Busia, mpakani na Uganda, vijana walichukua abiria kwa baiskeli, na ndiko lilikotoka jina la bodaboda.

Leo watoto wengi wa mjini wana baiskeli za kimo chao, lakini huzunguka uani tu. Hawakukosa ushujaa. Magari yameongezeka, na tangu serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, hata vijia vimejaa. Barabara ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, ilitengewa njia za baiskeli. Barabara nyingi hazina.

Basi tusiwalaumu watoto. Chama kitakapopeleka haja zake kwa serikali ya kaunti, njia ya watoto na iwe miongoni mwazo.