Ziwa Tanganyika: Samaki wa mapambo wanaonadiwa kwa jina la kijiji

Katika minada ya mtandaoni ya samaki hai wa mapambo huko Ulaya na Marekani, majina kama Kigoma na Ikola ya Tanzania au Moba ya Kongo huonekana mara kwa mara. Hayo ni majina ya mahali kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, linalomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Mnunuzi ambaye hajawahi kulitia machoni ziwa hilo huyajua, kwa kuwa jina la mahali ni sehemu ya thamani ya samaki.

Kwa nini mahali ni muhimu

Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Ndani yake mna spishi zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani kwingineko duniani. Miongoni mwao ni Tropheus, wanaokula mwani unaoota juu ya miamba ya ufukweni. Samaki hao hawapendi kuvuka mchanga mpana wala maji ya kina kirefu. Kwa sababu hiyo, miamba ya eneo moja hadi nyingine imekuwa na samaki wa rangi yake.

Biashara hiyo ilipata umaarufu miaka ya 1970, wakati Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akisafirisha samaki hai kutoka Bujumbura, Burundi.

Jinsi mnada unavyoendeshwa

Muuzaji huweka picha, bei ya kuanzia na saa ya kufunga mnada. Wanunuzi hupandishiana dau, na mwenye dau la juu saa hiyo ikifika ndiye mshindi. Gharama za usafirishaji aghalabu hulipwa kando. Alama F1 humaanisha kizazi cha kwanza kilichozaliwa na wazazi waliovuliwa ziwani, na F2 ni kizazi kinachofuata.

Kabla ya safari, samaki hunyimwa chakula kwa siku moja au mbili ili wasichafue maji. Kisha hutiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji kiasi, nafasi iliyobaki ikijazwa oksijeni, na mifuko hupangwa ndani ya sanduku linalohifadhi joto. Hewa chafu ya kaboni wanayotoa hupunguza ualkali wa maji, na hivyo kupunguza makali ya amonia. Mfuko unapofunguliwa hewa hiyo hutoka, na amonia iliyojikusanya huwa sumu kali. Ndiyo maana mnunuzi hushauriwa asichelewe kuwahamisha samaki kutoka maji hayo. Wauzaji wengi hurudisha fedha za samaki aliyefika amekufa, mradi mnunuzi atume picha yake upesi.

Faida na hatari

Kwa kawaida mzamiaji hulipwa kwa idadi ya samaki aliowakamata kabla hawajasafirishwa. Dau linapopanda ng'ambo, nyongeza hiyo haimfikii. Samaki waliozalishwa ng'ambo nao huuzwa kwa jina la kijiji, ingawa kijiji hakipati kitu. Hata hivyo, ufugaji huo una manufaa, kwani hupunguza haja ya kuvua wale wa ziwani.

Hatari huwa kubwa zaidi pale rangi inayotafutwa inapopatikana katika kipande kifupi cha mwambao. Jike la Tropheus hulea mayai machache mdomoni, kwa kawaida yasiyofikia 20, hivyo waliokamatwa kwa wingi hawarejei kwa haraka. Wafugaji nao huonywa wasiwachanganye samaki wa maeneo mawili katika tangi moja: watoto wao hawana tena kijiji cha kutajiwa, na aina iliyotoweka ziwani haiwezi kurudishwa kutokana nao.

Mwaka 2003 nchi hizo nne zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa, ambao ndio msingi wa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Mipaka ya nchi hizo hukutana majini, lakini mnunuzi wa mnadani huona picha, jina na bei tu. Kumbukumbu za uvuvi na za usafirishaji zinazotunzwa mwambaoni ndizo zinazoweza kuthibitisha samaki alitoka mwamba gani, na wangapi wamekwisha kuondolewa hapo.