Mimea adimu hunawiri kando ya uduvi, ila yadai uangalifu

Ufugaji wa uduvi pamoja na mimea adimu ya majini ni shughuli inayowezekana hata katika chumba cha ghorofa mtaani Mwembe Tayari, Mombasa, mradi mfugaji azingatie mambo matatu: maji, joto na asili ya mimea yenyewe.

Uduvi wanaokusudiwa hapa si wale wa baharini ambao wakazi wa Pwani huwaanika na kuwapika. Hawa huishi katika maji yasiyo ya chumvi. Wanaofugwa zaidi duniani ni Neocaridina davidi, wenye asili ya Uchina na Taiwan na urefu wa takriban sentimita 3. Afrika Mashariki nayo ina wake, Caridina nilotica wa Ziwa Victoria, ambao Wajaluo huwaita ochonga na ambao husagwa kuwa chakula cha mifugo.

Mimea na uduvi hutegemeana. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, nayo mimea huifyonza kama mbolea. Uduvi kwa upande wao hula utando unaoota juu ya majani bila kuliharibu jani lenye afya. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea, hivyo basi mimea hutangulia tangini na uduvi hufuata.

Maji na joto

Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi kwa sababu ya kupenya kwa maji ya bahari ardhini. Maji ya mfereji, yanayoletwa kutoka bara katika vyanzo kama vile chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, ndiyo yafaayo, ila hutiwa klorini. Yakiachwa ndooni kwa saa 24, sehemu kubwa ya klorini hutoweka. Ndoo ifunikwe kwa chandarua ili mbu wasitage humo. Anayenunua maji ya mitungi kwa wachuuzi wa mikokoteni hana budi kuhakikisha hayakutekwa kisimani.

Neocaridina hustawi kati ya nyuzi 20 na 28 za selsiasi, ilhali mchana wa mwezi Machi Mombasa hufikia nyuzi 32 na zaidi. Isitoshe, maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi chache, nayo pampu ya hewa huongeza oksijeni.

Aidha, dawa za kunyunyizia mbu na mbolea zenye shaba nyingi huua uduvi kwa haraka. Mimea iliyonunuliwa yapasa kulowekwa pembeni kwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa, ili masalia ya dawa yaondoke.

Asili ya mimea

Miongoni mwa mimea ya Afrika inayotafutwa na wakusanyaji ni Bolbitis heudelotii, kangaga wa majini ambaye hufungwa juu ya jiwe au gogo bila kufukiwa mchangani. Mwingine ni Aponogeton madagascariensis wa Madagaska, mwenye majani yaliyotoboka kama wavu, uliopelekwa Uingereza na mmishonari William Ellis mnamo 1855. Mmea huu hupendelea maji ya ubaridi, hivyo ni mgumu kuutunza Pwani. Pia umekuwa ukichimbwa porini kwa ajili ya biashara, na kwa sababu hiyo ni heri kununua miche iliyooteshwa na wakulima.

Anayeagiza mimea kutoka nje anahitaji kibali cha shirika la kukagua afya ya mimea, KEPHIS. Sharti hilo lina sababu. Gugu maji, lenye asili ya Amerika Kusini, lilisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake. Kufikia mwaka 1990 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, na mwishoni mwa mwongo huo likazuia vyombo na wavuvi katika ghuba ya Kisumu. Salvinia molesta ya Brazil nayo iliwahi kulivamia Ziwa Naivasha.

Kwa hivyo, matawi yanayopogolewa tangini yasitupwe mtaroni wala mtoni. Yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, kisha yatiwe kwenye taka. Uduvi wa kigeni nao wasiachiliwe katika kidimbwi chochote.