Shangazi aliyefifia pembeni: lenzi ya pili ya picha za zamani

Tukizungumzia historia ya picha Afrika Mashariki, mazungumzo huanzia kwenye kamera na kuishia hapohapo. Nani aliileta, nani alipigwa, nani alikataa kupigwa. Lakini ile picha nyeusi na nyeupe iliyoko ukutani kwa bibi, iwe Maguu, Mbinga mjini au Mbamba Bay, kwa kawaida ilipita kwenye lenzi mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye kamera. Ya pili ilikaa ndani ya chumba cha giza, chini ya mashine ya kukuzia picha, na hakuna mtu aliyewahi kuitabasamia. Leo tuiongelee hiyo ya pili.

Mwanzoni haikuwepo. Livingstone na Kirk walipofika Ziwa Nyasa Septemba 1859, John Kirk alikuwa mmoja wa waliopiga picha katika safari ile ya Zambezi. Wabenediktini wa St. Ottilien, walioanza Peramiho mwaka 1898, nao walikuja katika zama za vioo: negativu ilikuwa kipande cha kioo, mara nyingi sentimita 9 kwa 12 au 13 kwa 18. Kupata picha, unalaza karatasi juu ya kioo, unabana, unaweka juani. Picha inatoka na ukubwa uleule wa negativu. Hakuna kukuza, kwa hiyo hakuna lenzi ya kuharibu kitu. Ndiyo maana picha nyingi za zama zile zinaonyesha hadi vifungo vya shati, wakati za miaka ya 1970 nyuso zinaonekana kama zimepitiwa na ukungu. Teknolojia ilisonga mbele, ukali wa picha ukarudi nyuma. Inachekesha kidogo.

Mashine za kukuzia zilikuwepo, lakini zilisumbua. David Woodward wa Baltimore alitengeneza yake mwaka 1857, ikitumia jua kama taa. Jua likisogea, na wewe unageuza mashine.

Kilichobadilisha mambo ni kamera kuwa ndogo. Leica ilitoka 1925 na negativu ya milimita 24 kwa 36, Rolleiflex ikafuata 1929 na ya sentimita 6 kwa 6. Hakuna mtu atakayetundika ukutani picha yenye ukubwa wa stempu, kwa hiyo kukuza kukawa lazima. Huo ndio wakati studio zetu zinazojulikana zilipokua: Capital Art Studio ya Ranchhod Oza pale Zanzibar mwaka 1930, Parekh kule Mombasa miaka ya 1940, kisha Omar Said Bakor wa Lamu, aliyeunganisha picha hadi mtu akaonekana mahali ambapo hakuwahi kusimama. Anayefanya kazi kama ya Bakor lazima aweze kukuza kichwa na kupunguza mwili apendavyo, na hilo ni suala la mashine ya kukuzia na lenzi yake.

Sasa fundi achague lenzi ipi? Kwa filamu ya milimita 35 ilizoeleka lenzi ya milimita 50. Kwa negativu ya 6 kwa 6, ya 75 au 80. Sababu ni jiometri tu. Mshazari wa negativu ya milimita 35 ni kama milimita 43. Wa 6 kwa 6 ni karibu 80. Lenzi ya 50 inamulika duara dogo. Ukiiwekea negativu kubwa, katikati patatoka vizuri, pembe zitakuwa na giza au zitafifia. Na nani anasimama pembeni kwenye picha ya harusi? Shangazi, watoto, yule jamaa aliyechelewa.

Kinyume chake hakina madhara makubwa. Lenzi ya 80 kwenye filamu ndogo inafanya kazi safi, ila inataka nafasi. Ukikuza mara 8.3, yaani hadi karatasi ya sentimita 20 kwa 30, umbali kutoka lenzi hadi karatasi ni urefu wa fokasi mara (1 + 8.3). Kwa lenzi ya 50 ni sentimita 46.5. Kwa ya 80 ni sentimita 74, na nguzo fupi haifiki huko. Kwa maoni yangu, fundi mwenye hela ya lenzi moja tu na filamu za aina zote mbili angenunua ya 80 na kutafuta nguzo ndefu.

Halafu kuna ubora wenyewe. Schneider waliuza Componar ya vioo vitatu na Componon ya vioo sita. Rodenstock nao Rogonar na Rodagon. Zile za vioo vitatu zilikuwa za bei nafuu, na hazikuwa takataka kama watu wanavyodai, ilimradi uzibane hadi f/8. Ukiiacha wazi, pembe zinalegea. Ukibana kupita kiasi, f/16 na kuendelea, mwanga wenyewe unaanza kusambaa kwenye tundu na picha nzima inalainika.

Ila kubana kuna gharama yake. Kutoka f/2.8 hadi f/8 mwanga unapungua mara nane: sekunde 10 zinakuwa 80. Hapa ndipo umeme unapoingia. Kabla ya njia ya Makambako hadi Songea kukamilika mwishoni mwa miaka ya 2010, Ruvuma ilitegemea majenereta ya dizeli. Mwanga wa balbu ya waya hufuata volti kwa kipeo cha takriban 3.4, yaani volti zikishuka asilimia 10, mwanga unashuka karibu asilimia 30. Ndani ya sekunde 80 volti zina muda wa kutosha kupanda na kushuka. Juu ya hapo, taa inapasha negativu joto, inajikunja na kutoka kwenye fokasi. Fundi mwenye foleni ya wateja anafungua lenzi, anamaliza haraka. Siwezi kumlaumu.

Habari njema ni kwamba unaweza kujua lenzi ipi ina kosa. Chukua kioo cha kukuzia, tazama chembechembe za filamu kwenye picha, zile doa ndogo za kijivu. Ikiwa pembeni chembe zinaonekana wazi lakini uso wa shangazi umefifia, kosa ni la kamera, au shangazi alitikisika. Ikiwa chembe zenyewe zimeyeyuka wakati katikati ziko imara, mkosaji ni lenzi ya chumba cha giza, na kwenye negativu shangazi bado yupo kamili. Kwa picha iliyokuzwa kidogo chembe ni ngumu kuziona. Hapo jaribio halisaidii.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka picha ya ukutani kwenye skana, ulizia lile kopo la biskuti lenye vipande vya filamu. Ukiskani negativu, ile lenzi ya pili inatolewa kabisa kwenye mnyororo. Shika kingo tu, jikoni kwenye moshi usiziache, na zile zinazonuka siki zianze kwanza, maana zimeshaanza kuoza.